Kuegesha RV Laughlin, Nevada: upande wa kasino au ng'ambo ya mto?

Mzee wa Pangani (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Tangu mimi na mke wangu tuliponunua RV iliyotumika, gari la futi 29 lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, tumekwenda Laughlin mara nane kutoka hapa Phoenix, na kila tukirudi simu haziachi kuita: ndugu, majirani na jamaa wa msikitini wanataka kujua tuliegesha wapi, na wao waegeshe wapi wakifika. Nimeona heri niandike mara moja kwa kirefu, na wenye uzoefu wao waongeze au wanisahihishe.

Kwa asiyepajua, Laughlin ni mji mdogo ulio katika ncha ya kusini kabisa ya jimbo la Nevada, yapata maili 95 kusini mwa Las Vegas, kando ya Mto Colorado. Ukingo wa magharibi ndio Nevada, na hapo hoteli za kasino zimepangana moja baada ya nyingine, taa zao zikimulika majini usiku kucha. Ukivuka daraja uko Bullhead City, Arizona, mji wa makazi, maduka na gereji, ulioanza kama kambi ya wafanyakazi waliojenga Bwawa la Davis, ambalo liko juu kidogo ya mto. Kwa hiyo swali la kwanza huwa ni upande gani wa mto, na wengi hulijibu kwa kutazama ramani na bei. Mimi nasema tazameni kalenda kwanza, kwa sababu kiwanja kilichotufurahisha mwezi Februari ndicho kinachoweza kumtoa mtu jasho na machozi mwezi Julai.

Nianze na kiangazi, kwa kuwa ndipo penye makosa ya gharama. Laughlin iko katika bonde la jangwa, futi 500 na kidogo tu juu ya usawa wa bahari, na joto la alasiri la nyuzi 43 hadi 45 za Selsiasi ni jambo la kawaida mwezi Julai. Rekodi ya joto ya jimbo zima la Nevada ilipimwa hapo hapo tarehe 29 Juni 1994, nyuzi 52. Katika joto la namna hiyo unachokilipia kwanza ni umeme, na mandhari ya mto huja baadaye sana. Plagi ya ampea 30 hutoa volti 120 kwenye waya mmoja, yaani wati 3,600 kwa jumla. Kiyoyozi kimoja cha juu ya paa hula wati 1,500 hadi 1,800, na hapo bado hujachemsha maji ya chai wala hujagusa maikrowevu. Plagi ya ampea 50 ina nyaya mbili za volti 120, kila mmoja ukibeba ampea 50, hivyo jumla yake ni wati 12,000. Watu huziona namba 30 na 50 wakadhani tofauti si kubwa, kumbe ya pili ni zaidi ya mara tatu ya ya kwanza.

Hilo tulijifunza kwa kuungua. Mwaka wetu wa kwanza tuliingia Julai katika uwanja mmoja ambao sitautaja, tukapewa nafasi ya ampea 30 mwishoni mwa safu. Ilipofika saa tisa alasiri, jirani zetu wote wakiwa wamewasha viyoyozi, kijisanduku changu cha kulinda umeme kilionyesha volti 109, kisha 106, kisha 103, na hapo kikakata chenyewe, kwa kuwa kimetengenezwa kukata volti zikishuka chini ya 104 ili mota ya kiyoyozi isiungue. Ndani ya gari pakawa kimya. Kwa muda wa nusu saa kipimajoto kilichokuwa juu ya meza ya chakula kilipanda kutoka nyuzi 28 hadi 38, siagi ikageuka mafuta, na mke wangu akanitazama bila kusema neno. Walio kwenye ndoa miaka mingi wanajua uzito wa mtazamo huo. Tulikwenda kukaa katika ukumbi wa hoteli hadi saa tatu usiku, tukinywa soda. Wasimamizi walitueleza kwa adabu kwamba mtambo wao haukuwa na hitilafu, na huenda walisema kweli. Nyaya zilikuwa ndefu, za zamani, na watu tulikuwa wengi juu yake. Tangu siku hiyo huomba nafasi yenye plagi ya ampea 50 ingawa gari langu ni la ampea 30, natumia adapta, kwa sababu nyaya zinazolisha nguzo hiyo kwa kawaida huwa nene zaidi.

Kwa hiyo, kwa miezi ya Juni hadi Septemba, chaguo langu ni mahali penye umeme wa uhakika, maji na bomba la majitaka, hata kama mto huuoni. Upande wa kasino kuna uwanja wa RV wa Riverside, ambao ni mkubwa kuliko yote, nafasi 740, ng'ambo ya barabara ya Casino Drive, zikipanda mlima kwa ngazi kama matuta ya mashamba ya Lushoto. Nafasi za juu zinauona mto na taa zote, ila mtu afikirie magoti yake kabla hajaziomba. Maili chache kusini, upande huo huo wa Nevada, kuna Big Bend of the Colorado, hifadhi ya jimbo iliyo ukingoni, nayo ina nafasi 24 tu zenye huduma zote. Hapo hakuna taa wala kelele, na wenye haraka ya kuona kasino watalazimika kuendesha. Kusini zaidi, katika ardhi ya kabila la Fort Mojave, kuna hoteli ya Avi, iliyofunguliwa mwaka 1995, yenye ufukwe wa mchanga na uwanja wa RV jirani yake.

Jambo la pili la kiangazi ni jinsi unavyoligeuza gari. Jua la alasiri hutoka magharibi, na ndilo linaloua. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, elekeza pua ya gari au mgongo wake magharibi, ili ubavu wenye madirisha makubwa usipigwe moja kwa moja, na ubavu wenye jokofu uelekee kaskazini. Majokofu yanayotumia gesi na umeme kwa zamu huwa na tundu la kutolea joto ubavuni, na tundu hilo likipigwa na jua la nyuzi 45 jokofu haligandishi kitu, hata ukilibembeleza.

Sasa majira ya baridi, na hapa moyo wangu unavuka mto. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Aprili mchana ni mwanana, kiyoyozi unakisahau, na kilichokuwa anasa mwezi Julai, yaani kulala futi chache kutoka majini, kinakuwa ndiyo sababu ya safari. Mahali pake ni Davis Camp, bustani ya kaunti ya Mohave, upande wa Arizona, kati ya bwawa na daraja. Kuna nafasi zenye huduma zote, zenye sehemu ya huduma, na za ufukweni zisizo na kitu. Ukikaa ukingoni hapo jioni, kasino zote za Laughlin ziko mbele yako kama meli zilizotia nanga, nawe huzisikii. Shida ni kwamba kila mwenye RV kutoka Minnesota hadi Kanada analijua hilo, kwa hiyo Januari na Februari weka nafasi mapema.

Tahadhari moja ya ukingoni: mto ule haupandi kwa mvua, unapanda kwa saa. Bwawa la Davis linafungulia maji kufuatana na mahitaji ya umeme na ya watumiaji wa maji walio chini yake, hivyo kina hubadilika ndani ya siku moja. Jioni moja tuliacha viti viwili vya kukunja na birika kwenye mchanga mkavu, hatua nne kutoka majini. Asubuhi kiti kimoja kilikuwa kimesimama katika maji ya magotini, cha pili kilikuwa kimeamua kwenda Mexico, na birika tulilikuta kwenye matete.

Kuhusu kulala kwenye maegesho ya kasino bila umeme wala maji: hapo zamani zilikuwa nyingi zilizoruhusu, siku hizi sera zinabadilika kila msimu. Usimwamini mtu aliyeandika mwaka juzi. Nenda kwa askari wa ulinzi, muulize, na uandike jina la aliyekuruhusu. Kwangu mimi hapo ni mahali pa usiku mmoja wa kupita njia, wala si pa kufanya makazi.

Mama Wawili

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Sisi tuko Tucson, tunavuta nyumba ya magurudumu ya futi 34 yenye viyoyozi viwili, na likizo ya baba watoto ni wiki ya pili ya Julai. Hatuna mwezi mwingine. Watoto wana miaka tisa na sita, na kilichotuvutia Laughlin ni maji, kasino hatuna haja nayo. Nilikuwa nimekwisha kuamua Davis Camp kwa sababu ya ufukwe. Je, nibadilishe?

Mzee wa Pangani

Marahaba mama. Nafasi ya ampea 50 si ya hiari kwako, ukiwa na viyoyozi viwili. Kama Davis Camp watakuhakikishia nafasi yenye umeme wa namna hiyo, kaa hapo. Zile za ufukweni zisizo na umeme zisahau kabisa, kwa kuwa jenereta ikizimika na watoto wako ndani, huna muda mrefu wa kutafakari.

Lakini kuna jambo la maji ambalo wageni hawalitarajii. Mto hapo Laughlin ni wa baridi mwaka mzima, yapata nyuzi 12 au 13 karibu na bwawa, hata siku ambayo hewa ni nyuzi 45. Sababu ni kwamba maji yanayopita kwenye mitambo hutolewa vilindini mwa Ziwa Mohave, lililo nyuma ya bwawa, ambako jua halifiki, nayo hufika mjini kabla hayajapata nafasi ya kupashwa joto. Mtoto akiruka humo ghafla pumzi hukata, na mkondo una nguvu kuliko unavyoonekana kutoka ukingoni. Jaketi za kuelea zivaliwe mwilini muda wote.

Kwa kuogelea, wapeleke juu ya bwawa, Katherine Landing, upande wa Arizona, maili chache tu. Hapo ni ziwani, maji ya juu hupashwa na jua na Julai yanakuwa vuguvugu, hayana mkondo, na kuna fukwe za kuogelea. Ziwa hilo limo ndani ya hifadhi kubwa iitwayo Lake Mead, inayosimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa, kwa hiyo kuna kiingilio, na kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa inakubaliwa. Kambi ya serikali iliyopo pale haina umeme kwenye nafasi zake, kwa hiyo ukilala kwingine na kwenda huko asubuhi kuogelea utakuwa umefanya la busara. Nendeni saa moja asubuhi, rudini saa tano.

Kwa familia yako ningeweka Big Bend namba moja, Avi namba mbili. Big Bend kwa nafasi zake 24 hujaa upesi, lakini Julai ushindani ni mdogo kuliko Machi.

Dereva wa Masafa

Naomba kuongeza suala ambalo mzee amelipita, labda kwa sababu amelizoea: kabla ya kuchagua pa kuegesha, hakikisha utafika ukiwa na breki. Mimi naendesha lori majimbo arobaini na zaidi, na kabla ya hapo niliendesha Dar hadi Tunduma, kwa hiyo ninaposema mteremko nina maana ya mteremko.

Dada wa Tucson atapitia Kingman, kisha barabara namba 68 ya Arizona. Baada ya Golden Valley unapanda hadi Union Pass, kisha unashuka maili nyingi mfululizo kwa asilimia 6 hadi mtoni. Anayeijua Kitonga atanielewa, isipokuwa hapa barabara ni pana na nyoofu, na huo wepesi ndio unaomdanganya mtu aache gari lishike mwendo. Teremka kwa gia ndogo tangu kileleni, breki uzikanyage kwa kishindo kifupi na kuziachia, usizikalie. Ukinusa harufu ya mpira na chuma kilichoungua, tayari umechelewa. Kaa pembeni mahali pa salama, na zile njia za dharura za kuzuia malori zipo kwa kazi hiyo. Wanaotoka Las Vegas wana mteremko wao pia, barabara namba 163 ya Nevada, nao ni wa kuheshimiwa.

Na yeyote asije akafuata ramani ya simu ikampitisha Oatman kwa sababu eti ni njia fupi. Barabara ile ya kale ya Route 66, upande wa kutoka Kingman, ina kona kama utumbo wa mbuzi na magari yanayozidi futi 40 hayaruhusiwi. Dada, futi zako 34 ni za nyumba peke yake; ongeza pickup inayoivuta, umeshapita kiwango.

Mama Wawili

Ahsante sana kaka. Nilikuwa nimeipanga Oatman kwa ajili ya punda.

Dereva wa Masafa

Punda wako tele, wanazurura barabarani na kuingiza vichwa madirishani, wajukuu wa punda walioachwa na wachimba dhahabu. Acheni nyumba kiwanjani, nendeni na pickup kupitia upande wa Bullhead. Mume wangu wa hiari, yaani mzee wetu wa Lamu tunayeishi naye hapa Kansas, alipoona picha zao alisema hawa wamenenepa kuliko punda wa kwao.

Samahani, nimeandika vibaya: ni mjomba wangu wa hiari. Simu inanisahihishia.

Mzee wa Pangani

Tumekusamehe, kijana. Na la breki ni kweli, nilipaswa kuanza nalo.

Bint Makorora

Mzee, nina swali la mwenye mfuko mwembamba. Mimi na mwenzangu tuna gari dogo la futi 19, tuna paneli ya jua juu ya paa, na tunataka wiki mbili za Desemba bila kulipa kodi ya kiwanja. Nimesikia kuna ardhi ya umma inayoruhusu kulala bure. Ipo kweli?

Mzee wa Pangani

Ipo, na kwa gari la futi 19 mwezi Desemba ni chaguo la busara kuliko yote niliyoyataja. BLM, idara ya serikali ya shirikisho inayosimamia ardhi za umma, kwa kawaida huruhusu siku 14 ndani ya kila siku 28 mahali pamoja, bila malipo na bila huduma yoyote. Pande zote mbili za mto ziko ardhi za namna hiyo, jangwani nyuma ya miji. Lakini soma vibao, kwa sababu ardhi ya BLM, ya hifadhi ya taifa, ya kabila na ya mtu binafsi zimepakana bila uzio, na kila moja ina sheria zake.

Upande wa Nevada kuna barabara ya vumbi ya Christmas Tree Pass, inayotoka barabara namba 163 na kuingia milimani. Mwanzoni mwake kuna korongo la Grapevine, lenye michoro ya kale iliyochongwa kwenye miamba, na juu yake umesimama mlima unaoitwa Avi Kwa Ame, ambao ni mtakatifu kwa makabila kumi ya wasemaji wa lugha za Kiyuma, wakiwemo Mojave. Machi 2023 Rais Biden alitangaza eneo hilo kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa linalohifadhiwa kisheria, zaidi ya ekari 500,000. Nenda kwa heshima, usiguse michoro wala usipande juu yake, ulale pale tu palipokwisha kutumika na wengine. Sehemu za mbele za barabara hiyo zina matuta madogo madogo kama ya bati la paa, yanayong'oa meno. Gari langu la futi 29 sikulipeleka, nilikwenda na la rafiki.

Hesabu yako ya wiki mbili iwe ya maji, kwa maana umeme wa jua jangwani hutakosa. Gari dogo hubeba pengine lita 100. Watu wawili wanaoosha vyombo kwa beseni na kuoga kwa kikombe watafika siku ya tano. Kwa hiyo kila siku ya tano mtarudi mjini kujaza maji na kumwaga tangi la choo mahali panaporuhusiwa kwa ada ndogo, na siku hiyo hiyo mjaze mafuta Bullhead, ambako kwa kawaida ni nafuu kuliko Nevada.

Msomaji wa Kisauni

Nasoma nikiwa Mombasa na sina RV, ila hoja moja inanisumbua. Mzee, wewe ni mtu wa msikitini kwa maneno yako mwenyewe, nawe unalala kwenye uwanja wa kasino. Sikuhukumu. Nataka kufahamu hesabu yao: mtu mwenye hoteli ya kamari anatengeneza nafasi 740 za magari kwa faida gani, ikiwa watu kama wewe hawachezi?

Mzee wa Pangani

Swali zuri, ndugu yangu, na jibu lake ndiyo historia ya mji wenyewe. Mwaka 1964 mtu wa Minnesota aitwaye Don Laughlin alinunua moteli iliyokuwa imefungwa mahali hapo, pakiwa hapana mji. Alipofungua Riverside mwaka 1966 ilikuwa na vyumba vinane, na vinne kati ya hivyo aliishi yeye na familia yake. Alivuta wasafiri kwa kuku wa kula hadi ushibe, kwa senti 98. Mkaguzi wa posta alipotaka mahali pawe na jina ili barua zifike, ndipo jina la ukoo wake likawa jina la mji. Tangu siku hizo hesabu ni ile ile: mlete mgeni kwa kitu cha bei nafuu, iwe kuku au kiwanja, kisha aachwe na jioni ndefu mikononi mwake. Wengi watacheza. Mimi ni yule anayekula kuku na kwenda kulala, na biashara yao inatuhesabu hata sisi, kwa kuwa tunakula, tunajaza mafuta na tunaleta wageni wengine.

Tena ukitazama vizuri, suala la kuegesha ni la zamani kuliko RV zetu. Kabla ya daraja, wageni wengi waliacha magari yao ukingo wa Arizona wakavushwa kwa boti hadi kasino. Mwaka 1987 Laughlin alijenga daraja kwa fedha zake, dola milioni 3.5, akayazawadia majimbo mawili. Alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 92. Kuhusu nafsi yangu, nikipata nafasi ng'ambo huwa silali kwenye uwanja wa kasino, na Julai nikilala hapo ni kwa ajili ya waya mnene. Mwenyezi Mungu anajua zaidi.

Bint Makorora

Mzee, kabla sijasahau: kuna mtu kaniambia saa za Laughlin na Bullhead hazilingani. Ni kweli au ni utani?

Mzee wa Pangani

Ni kweli kwa yapata miezi minne ya mwaka, na mimi ni shahidi. Nevada husogeza saa mbele wakati wa kiangazi, Arizona haisogezi. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba saa za kingo zote mbili zinalingana, na wakati wa baridi Arizona inatangulia kwa saa nzima. Simu haijui uko ukingo gani. Inashika mnara wowote wenye nguvu.

Januari mwaka mmoja tulikuwa kiwanjani upande wa Arizona, na muda wa kuondoka ulikuwa saa tano asubuhi. Nilitazama simu nikaona ni saa nne kasorobo, nikamwambia mke wangu aweke chai nyingine. Tulikuwa tumemega mkate wa pili alipogonga mlango bwana mmoja mwenye kofia, mpole kabisa, akauliza kama tunaumwa, kwa sababu ilikuwa saa tano na nusu na mwenye nafasi hiyo alikuwa amesimama nyuma yetu na gari la futi 40, injini ikinguruma. Simu yangu ilikuwa Nevada tangu jana yake usiku. Siku hizi saa ya ukutani ya gari naiwekea saa ya Arizona, wala haiguswi. Wewe wa Desemba fanya hivyo hivyo, hasa ukipanga kuwahi mahali pa kumwaga majitaka kabla hapajafungwa.

Na kwa kuwa umetaja Desemba, funga turubai la kivuli kila usiku na kila unapotoka. Upepo wa kaskazini huteremka bondeni kutoka upande wa bwawa bila hodi, na nimeona turubai la jirani likipaa juu ya paa na vyuma vyake.

Mama Wawili

Nimerudi. Nimepata Big Bend usiku nne, na wa tano nimeuchukua uwanja wa Riverside ili watoto waone taa; nafasi zote mbili ni za ampea 50. Nimeuliza nafasi ya Riverside iko ngazi ya ngapi, wakaniambia ya juu. Baba watoto anauliza: jioni wadudu wa mtoni ni wa kiasi gani? Amesoma kitu kikamtisha.

Mzee wa Pangani

Mwambie hawaumi. Ni wadudu wadogo wenye mabawa kama nondo, hukulia majini kisha huibuka kwa makundi miezi ya joto na kufuata taa. Ukingoni jioni wanaweza kufunika ukuta mweupe mpaka ukaonekana wa kijivu. Zimeni taa ya nje ya mlangoni, mtumie ya rangi ya njano kama mnayo, na chakula cha jioni kiliwe ndani au kabla ya magharibi. Huko ngazi ya juu ya Riverside watawafikia wachache kuliko Big Bend.

Mkifika, kabla baba watoto hajachomeka waya, apime volti za nguzo saa tisa alasiri, si asubuhi. Ikiwa chini ya 108 na viyoyozi bado hamjawasha, rudini ofisini mkaombe nafasi nyingine wakati gari bado limefungwa kwenye pickup.